Mlango Ambao Haukuwahi Kuwa Mlango

Mimi ni mtu wa kushuku. Mkate wa dukani naugeuza kwanza niangalie chini, na mgeni akinisifia nyumba najiuliza anataka nini. Kwa hiyo fundi alipokuja kuziba ufa wa ukuta wa jikoni kwangu, hapa Randburg, Johannesburg, sikumpa nafasi hata ya kufungua mkoba wake.

"Usizibe," nilimwambia. "Weka kioo kwanza."

Fundi mwenyewe ni kijana wa Tanga, anaitwa Salimu. Alinitazama kama aliyekosea nyumba. "Eish, dada. Ufa wenyewe mwembamba huu. Nani kakufundisha mambo ya kioo?"

"Weka tu."

Akakata kipande cha kioo chembamba, urefu wa kidole, akakilaza juu ya ufa na kukishikiza kwa plasta huku na huku. Akasema atarudi baada ya wiki chache kukitazama, kisha akaenda zake. Harufu ya plasta mbichi ilibaki jikoni, nami nikakaa kwenye stuli nisiweze hata kuchemsha chai. Harufu ile naijua. Ni harufu ya kanisa la Turffontein, ukuta wa kaskazini, nyuma ya bango la kwaya ya watoto, mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa na nikaamini kwamba baba yangu anashirikiana na shetani.

Kanisa halikuwa letu. Lilikuwa la Waingereza, au tuseme la wajukuu wao wachache waliobaki, na sisi Wakongo tulipangishwa Jumapili mchana, wenyewe wakishamaliza ibada ya asubuhi. Lilijengwa kwa mawe ya kahawia, lina mnara mfupi mnene na madirisha membamba yenye ncha juu, nalo limekaa katikati ya gereji na vyumba vya kupanga kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Upepo ukitokea uwanja wa mbio za farasi ulileta harufu ya samadi. Ndani kulinuka nta ya sakafu, vitabu vya zamani na chokaa yenye unyevu. Waumini wetu walikuwa wasusi, mafundi cherehani na walinzi, wengi wao watu wa Kivu, na kila mmoja alimshuku mwenzake kidogo: nani kapata karatasi za kuishi na kazipataje, nani anamsema nani kwenye maombi.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mlinzi wa geti kwenye ofisi fulani. Lakini kwetu Bukavu alikuwa fundi wa mawe. Hakuwa fundi wa tofali, alikuwa fundi wa mawe, na tofauti hiyo aliieleza kila alipopata msikilizaji. Johannesburg haikumhitaji kwa mawe. Ilimhitaji ainue mti wa geti magari yapite na aushushe yakishapita. Kitu pekee alichokuwa amekuja nacho na ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya kilikuwa neno lake juu ya ukuta. Akisema ukuta ni mzima, ni mzima. Akisema utaanguka, hamisha kitanda.

Kanisani alipewa kazi ya kupanga viti, kwa hiyo tulifika saa nzima kabla ya wenzetu. Mimi nilikwenda naye ili nimkalimanie kwa mama wa Kizungu aliyetunza funguo. Watoto tulimwita Gogo Funguo, yaani Bibi Funguo kwa Kizulu. Alikuwa mzee, mwembamba, na hakutuondolea macho. Alinusa mapazia baada ya ibada zetu. Siku moja alinifanya nigeuze mifuko ya gauni, zikadondoka karanga, na wala hakuomba radhi. Papa naye hakumwamini.

"Ule mama iko anaficha kitu," aliniambia. "Na ukuta yake pia."

"Ukuta inaficha nini, Papa?"

"Umri."

Akanizungusha. Huku mawe makubwa ya kukatwa ovyo, kule mawe madogo yaliyochongwa vizuri. Upande mmoja wa kanisa matao ya duara, upande wa pili matao yenye ncha. Mtu angesema babu alijenga huku, mjukuu akaongeza kule, na kitukuu akaweka mnara.

"Lakini chokaa ni ile ile," Papa alisema. "Na mukono ni ule ule. Fundi mumoja alijenga yote, akajifanya batu kumi. Sasa angalia hii mulango."

Katikati ya ukuta wa kaskazini kulikuwa na umbo la mlango uliozibwa: tao, nguzo mbili, na mawe yaliyojaza nafasi kati yao. Papa alipitisha kidole pembeni. Mlango uliozibwa baadaye, alisema, huacha mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini, maana mawe mapya hayajuani na ya zamani. Hapa mawe yalikuwa yameingiliana kama meno. Na chini hapakuwa na kizingiti kilicholika kwa miguu ya watu.

"Hii mulango haikukuwa mulango ata siku moja," alisema. "Enda umuulize ule mama juu ya nini banadanganya na mawe."

Nilimuuliza kwa nini, kwa adabu zaidi kidogo. Gogo Funguo alipata wekundu usoni, kisha, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akacheka. Akaleta kijitabu cha kurasa chache kuhusu historia ya kanisa, akatusimulia huku mimi nikitafsiri. Waliolijenga walitoka kijiji kimoja cha Uingereza, wakaja kwa ajili ya dhahabu. Walikumbuka kanisa la kwao. Lile la kijijini lilikuwa limekua pole pole kwa mamia ya miaka: kwanza chumba kimoja, kisha ubavu mmoja, kisha mnara, na mlango mmoja ukazibwa. Hawa wa huku hawakuwa na mamia ya miaka. Walikuwa na mchoro na haraka. Wakajenga vyote kwa mpigo, hata uzee wenyewe wakaujenga, hata mlango uliozibwa wakauziba tangu siku ya kwanza.

"Mwambie baba yako," Gogo Funguo alisema, "kwamba wataalamu wamekuja hapa wakapiga picha mlango huu, na hakuna aliyegundua." Nilimwambia. Siku hiyo Papa alipanga viti huku akipiga mluzi.

Sikumtafsiria lililofuata. Gogo Funguo, akiwa amechangamka sasa, aliniinamia akaniambia wazee wa vijiji vya kwao walikuwa na hadithi yao. Mlango wa kaskazini, walisema, uliachwa wazi mtoto akibatizwa ili shetani aliyemtoka apate pa kupitia. Ndiyo maana baadaye wakauziba, asirudi. Kwao kaskazini ni upande wa giza na baridi, aliniambia, unamfaa. Yeye alikuwa anachekesha. Mimi nilipiga hesabu yangu: huku kwetu kaskazini ndiko kwenye jua, na mahali penye joto kuliko pote kanisani ni pale pale, penye mlango, ambapo sisi watoto tuliegemeza migongo wakati wa mahubiri. Nikaelewa joto lile linatoka wapi.

Kuanzia hapo nilimchunguza Papa. Alikuwa na urafiki na ule ukuta usio wa kawaida. Aligonga mawe kwa vifundo vya vidole na kutega sikio. Alikwangua chokaa kwa ufunguo, akaisugua kiganjani, akaionja kwa ncha ya ulimi, akafunga vumbi lake kwenye kikaratasi na kutia mfukoni. Mtoto yeyote wa Kikongo anajua mtu anayechukua vumbi la mahali anakwenda kulifanyia nini. Kisha Jumapili moja nikamkuta nyuma ya bango la kwaya akibandika vipande viwili vya kioo ukutani, kimoja juu, kimoja chini usawa wa kifua changu, penye ufa ulioshuka kutoka dirishani, ukapita tao la ule mlango hadi karibu na sakafu. Akachora alama kwa penseli pembeni ya kila kimoja.

Alipogeuka akaniona. "Kamama," alisema, "usiiguse. Na usiambie mutu."

Laiti angenieleza. Lakini Papa alikuwa mtu wa kueleza mawe, si kueleza nafsi yake, na mimi sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu.

Lazima nimtaje Divine, ingawa ningependa kumruka. Alikuwa msichana wa rika langu, analelewa na shangazi yake msusi. Alikojoa kitandani. Shangazi alipofukuzwa saluni, Mama Furaha, kiongozi wa kikundi cha maombi, alifunuliwa kwamba mtoto ana pepo. Divine alifungiwa chumba kidogo cha uani nyumbani kwa Mama Furaha tangu Ijumaa hadi Jumapili, bila chakula, wakimwombea kwa zamu, na ufunguo wa chumba ukiwa shingoni mwa Mama Furaha. Alitoka hasemi. Jumapili iliyofuata alikuja kukaa kwenye kiti kilicho kando yangu, nami nikahamisha changu. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini nilijua nafanya nini, na naona haya mpaka leo.

Basi mambo yakaanza kuharibika kanisani, kama yanavyoharibika mahali popote. Gari la Pasta liliibwa. Watu wawili walinyimwa karatasi ndani ya wiki moja. Mama Furaha alisimama akasema kuna kitu kimefichwa ndani ya jengo hili, na Mungu atakifunua pamoja na mkono uliokiweka. Watu wakaitikia amina, na Papa naye akaitikia. Nilimwona, nikashtuka jinsi anavyoweza.

Niliamua kumwokoa. Niliona njia moja tu: nivunje dawa yake kabla hawajaigundua. Ibada ilipokwisha, watu wazima wakiwa nje wanakunywa chai, niliingia nyuma ya bango, nikavua kiatu changu cha Jumapili, ambacho Mama alikipaka rangi nyeusi hadi kikachafua soksi, nikakipiga kile kioo cha chini kwa kisigino. Kikapasuka kwa sauti ndogo kavu. Kioo cha juu sikukifikia. Nikavaa kiatu, nikatoka nje, nikaomba andazi.

Jumapili iliyofuata mama mmoja alilishusha bango ili alifue, akapiga ukelele. Kila mtu alikimbilia pale. Vioo, plasta, alama za penseli, penye mlango uliozibwa: hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mama Furaha alianza kukemea kwa sauti, na watu wakasogea nyuma, kila mmoja akimtazama jirani yake.

"Ni mimi niliiweka," Papa alisema.

Mama yangu, aliyekuwa karibu nami, alinishika bega kwa nguvu. Najua alichokiona, kwa sababu nami nilikiona: mume wake na sisi watoto tukitolewa nje ya watu pekee tuliokuwa nao katika mji huu.

"Ni kazi ya fundi," Papa alisema. "Kuko ufa. Mutu anaweka kioo juu ya ufa, anangoja. Kioo haiwezi kuvutika. Kama ukuta inatembea ata kidogo, kioo inapasuka. Kama iko nzima, ukuta iko muzima."

"Na juu ya nini ulificha?" Pasta aliuliza.

"Juu sikutaka kuogopesha batu bure."

"Weye ni mulinzi," Mama Furaha alisema. "Unajua nini ya ukuta?"

Hilo lilimchoma, nilimwona. Akanyoosha mgongo. "Basi tuangalie pamoja," alisema. "Ukuta yenyewe itasema."

Akakitazama kwanza cha juu, haraka, kisha akachuchumaa mbele ya kile cha chini. Alikaa pale muda mrefu. Akapitisha kidole gumba kwenye plasta, mara mbili, kama anayefuta vumbi. Hakugeuka nyuma. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake.

"Iko namna gani?" Pasta aliuliza. "Imepasuka?"

"Imepasuka."

"Yenyewe?" Ilikuwa sauti ya Mama Furaha. "Ao kuko mutu aliigonga?"

Papa alisimama. Vumbi la chokaa lilikuwa kwenye magoti yake. "Yenyewe," alisema. "Ukuta inatembea. Mi niko fundi, minajua. Tutoke humu."

Nilitaka kusema. Nilifungua hata mdomo. Lakini nyuso za watu zilikuwa zimebadilika, hofu ilikuwa imehamia kwenye ukuta, mtu mmoja alikuwa tayari anamshika Papa mkono na kumshukuru, na mimi nikaufunga mdomo wangu. Hatukusali ndani mle tena. Kanisa likahamia kwenye ghala huko Midrand, chini ya mabati, mbali na kila mtu.

Gogo Funguo alileta mhandisi. Kisha akapiga simu nyumbani, nami nikasimama katikati yao na simu mkononi, nikitafsiri. Mhandisi amepima, alisema. Ukuta haujasogea hata unywele. Ufa ni wa zamani na umelala. "Mwambie baba yako nilidhani yeye ndiye mtu anayeweza kuusoma ukuta ule."

Nilimwambia Papa, neno kwa neno. Alikuwa anakunja sare yake ya kazi. "Mwambie asante," alisema.

Habari ikafika Midrand, kama habari zote. Watu wakaanza kumwita Fundi wa Vioo. Kwanza kwa utani, kisha kwa mazoea, mpaka watoto wadogo wakadhani ndilo jina lake. Tangu hapo sikumsikia tena akimweleza mtu tofauti ya fundi wa tofali na fundi wa mawe. Nyumba tuliyopanga ilipopata ufa, mwenye nyumba aliita mtu mwingine, na Papa alikaa kitandani akimtazama mtu huyo akiziba vibaya, asiseme kitu. Mimi nilikua nikiwa na siri mbili. Ya kwanza ni kwamba nilivunja kioo. Ya pili, mbaya zaidi, ni kwamba nilimdharau. Nilijiambia kuwa fundi wa kweli asingedanganywa na kiatu cha mtoto. Siku moja, nikiwa na miaka kumi na mitano, kwenye sherehe ya harusi, mtu alimwita kwa jina lile mbele yangu, na nikacheka pamoja nao. Papa alinitazama, akatabasamu, akaendelea kula.

Alikufa mwaka uliopita. Mama alinipa mkoba wake: timazi, mwiko ulioisha ncha, nyundo, na kopo la bati lenye vile vioo viwili, alivyovibandua ukutani siku ile, vimefungwa kwenye ukurasa wa kijitabu cha Gogo Funguo. Nilidhani alivitunza kama mtu anavyotunza aibu yake. Nilifunga kopo nikalisukuma chini ya kitanda.

Wiki iliyopita Salimu alirudi kutazama kioo chake. Sikuwa nimekiangalia. Alisimama mlangoni mwa jikoni, hata mkoba hajautua, akacheka.

"Dada, hiki kimegongwa."

"Umejuaje? Hujakisogelea."

"Si unaona kimefanya nyota? Ukuta ukivuta, kioo kinakatika mstari mmoja tu, shwaa, toka juu mpaka chini. Ukikigonga ndiyo kinatoa nyota, pale palipogongwa. Hili hata mtoto wa fundi anajua." Akachungulia zaidi. "Tena kagonga mtu mfupi."

Mwanangu wa miaka sita alikuwa nyuma ya mlango na mwiko wa ugali mkononi. Nilikwenda chumbani, nikavuta kopo, nikafungua ule ukurasa juu ya kitanda.

Kioo cha juu kilikuwa kizima. Kioo cha chini kilikuwa na nyota, nzuri kabisa, miale yake yote ikitoka nukta moja. Na kwenye plasta iliyobaki pembeni, chini ya alama ya kidole gumba, kulikuwa na kivuli cha rangi nyeusi ya kiatu ambacho hakikufutika chote.

Alijua. Alijua tangu alipochuchumaa. Cha juu kizima, cha chini nyota, alama ya kisigino kidogo usawa wa kifua cha mtoto: alisoma yote hayo kwa muda wa kupitisha kidole mara mbili. Kama angesema kweli, kwamba kimegongwa, Mama Furaha angeuliza ni nani, wangetazama usawa wa ile alama, na ufunguo wa kile chumba ulikuwa bado shingoni mwake. Papa alikuwa na kitu kimoja tu katika mji huu, neno lake juu ya ukuta. Alilitoa pale pale, mgongo wake ukiwa kwangu ili hata macho yake yasinielekeze. Na mimi nikamcheka harusini.

Nililia mpaka Salimu akaja kugonga mlango wa chumba taratibu, akadhani amenikosea. Nikamwonyesha vile vioo. Alivipokea kwa mikono miwili, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Vya nani hivi?"

"Vya baba yangu. Alikuwa fundi wa mawe."

"Alikuwa mzuri?"

"Hakukosea ukuta hata siku moja," nilimwambia.